Jinsi ya kununua gauni la harusi bila kukubali presha ya muuzaji

Duka la magauni ya harusi limepangwa ili utoke umeshalipa. Zile taa, kile kioo kirefu, kile kijukwaa kidogo wanachokupandisha, makochi ya wale uliokuja nao, hata vile dada wa dukani anavyokuita "bibi harusi wetu" tangu ukiwa mlangoni, vyote vina kazi yake. Sisemi wauzaji ni watu wabaya jamani, wapo wengi wanaoipenda kazi yao na watakwambia wazi kabisa kwamba hili halijakukaa, vua. Ila wengi pia wanakula kamisheni au wana kiwango cha mauzo wanachotakiwa kufikisha kila mwezi, na gauni la harusi mtu hanunui kila siku, kwa hiyo muuzaji anajua ukitoka mlangoni bila kulipa huenda hatakuona tena. Presha yote inaanzia hapo.

Nimeshawasindikiza mabibi harusi wengi, ndugu kwa marafiki, na nimeona wapole wakitoka salama na wakali wakitoka wanalia na risiti mkononi, kwa hiyo ukali haukusaidii sana. Kinachosaidia ni kuingia dukani ukiwa umeshaamua kwamba leo nakuja kuvaa na kuangalia tu, suala la kulipa nitaliamulia nyumbani. Karibu mbinu zote za wauzaji zinataka kitu kimoja tu, uamue hapo hapo ukiwa bado umelivaa, ukishawanyima hicho mbinu zao nyingi zinakosa nguvu.

Kabla hujatoka nyumbani

Anza na hela. Bajeti ya gauni sio bei ya gauni peke yake, kuna kurekebishwa na fundi (kufupisha pindo, kubana kiuno, kushikiza mkia, yaani ile sehemu ya gauni inayoburuta nyuma, ili uweze kucheza), kuna veli ya kichwani, kuna petikoti au nguo za ndani za kushikilia mwili, viatu, kupigwa pasi siku yenyewe, yaani hivi vidogo vidogo vikijumlishwa vinauma. Piga hesabu yote kwanza, toa hivyo vingine, kinachobaki ndo bei ya gauni lenyewe, afu ukifika dukani taja kiasi kilicho chini kidogo ya hicho. Kwa nini chini? Kwa sababu ukitaja namba, mara nyingi gauni la pili au la tatu utakaloletewa litakuwa limeivuka hiyo namba "kidogo tu". Na hapa usilegeze, sema mapema kabisa, "Naomba usiniletee lolote linalozidi hapo, hata la kujaribu tu." Hilo la kujaribu tu ndo mtego wenyewe, ukishavaa la bei kubwa yale ya bei yako yote yataonekana yamepooza, na utaanza kujitafutia sababu za kuongeza hela.

Afu chagua watu wa kwenda nao. Wawili au watatu wanatosha. Ukienda na kundi la watu kumi muuzaji atatafuta nani laini, mara nyingi mama mzazi au yule anayelipa, atamgeukia, "Mama si unamwona mwanao?", mama machozi yanamlenga, hapo na wewe huwezi tena kusema hujalipenda bila kuonekana umemvunja moyo mama yako. Kwa hiyo ongea na mama kabla, mwambie kabisa mama leo hatununui, tunaangalia. Na mtu mmoja kati ya hao mpe kazi maalum ya kuwatoa dukani, mkubaliane neno au ishara, ukiifanya tu yeye anasimama, "samahani dada, tuna miadi sehemu, tutawasiliana." Ni kazi ndogo lakini inaokoa sana maana wewe umefungwa kwenye kamba za mgongoni hata kushuka kijukwaani huwezi peke yako.

Kadi ya benki siku ya kwanza iache nyumbani. Simu nayo siku hizi ni pochi, hiyo mpe huyo huyo wa kukutoa dukani aishike.

Jua kalenda ili usitishwe na muda

Hapa ndo watu wengi wanapigwa kwa sababu hawajui gauni linachukua muda gani, muuzaji akisema umechelewa wanaamini. Gauni la kuagiza, yaani lile ambalo duka linatuma vipimo vyako kwa mtengenezaji ndo lishonwe, kwa kawaida huchukua kama miezi 4 hadi 8 kufika, afu fundi anahitaji mwezi mmoja hadi miwili na utaenda kupima mara mbili tatu. Ndo maana watu wanashauriwa kuanza kutafuta miezi 9 hadi 12 kabla. Sasa kama harusi yako iko miezi 11 mbele na mtu anakwambia mwezi huu ukipita basi, unajua kabisa hapo hakuna ukweli. Kama iko miezi 4 mbele, anaposema kuagiza ni hatari anasema kweli, ila hiyo nayo sio sababu ya kulipa leo, maana bado kuna gauni lililoshonwa tayari, kuna yale ya kujaribia ambayo maduka huuza kwa bei ya chini, kuna ya kukodi, kuna lililovaliwa mara moja na bibi harusi mwingine, kuna fundi mzuri unayemwamini.

Swali la kuuliza ni hili: "Nipe tarehe ya mwisho ya kuweka oda ili gauni lifike wiki 10 kabla ya harusi yangu, na uniandikie." Muuzaji mkweli atafungua kalenda atakuandikia. Anayekutisha tu ataanza kuzunguka zunguka, aah unajua inategemea, bora tu tufanye leo. Sasa hapo umeshapata jibu lako.

Ukiwa umepanda kwenye kijukwaa

Gauni unalojaribu sio litakalokuwa lako, ni la kujaribia, mara nyingi ni saizi moja inayovaliwa na kila anayekuja, kwa hiyo kama ni kubwa kwako wanalibana kwa vibanio vikubwa huko nyuma mgongoni kuanzia kwenye mbavu mpaka kiunoni. Mbele kwenye kioo unaona limekukaa kama lilishonwa kwa ajili yako, nyuma limejaa vibanio. Mkia wameutandaza vizuri sakafuni, muuzaji kauinamia anaunyoosha, hatua moja ukipiga anakufuata kuurekebisha. Taa zinakumulika kwa juu. Kila mtu kwenye kochi kanyamaza. Afu anakuja na veli, hajakuuliza, anakuchomekea kichwani taratibu, anakupa na ua la kushika, anarudi nyuma hatua mbili na kusema kwa sauti ya chini, "Hebu fumba macho, fikiria mlango unafunguliwa na mwenzako anakusubiri kule mbele... haya fumbua." Mwili mzima unasisimka na ni kawaida, mtu yeyote angesisimka. Na swali linalofuata hapo hapo ni "Je, hili ndo gauni lako?"

Ule msisimko ni wa kweli lakini umetokana na veli, ukimya na lile wazo la harusi, na ungeupata ukiwa umevaa magauni mengine matano humo humo ndani. Kwa hiyo fanya hivi. Omba veli itolewe. Mwambie auachie mkia asiushike, afu tembea mwenyewe mpaka mlangoni na kurudi, uone kama unajikanyaga. Kaa kwenye kiti cha kawaida, sikilizia kama zile fito za kiunoni, yaani vijiti vigumu vilivyoshonewa ndani ya gauni kulishikilia, zinakuchoma. Nyanyua mikono yote juu kama unacheza, mkumbatie mtu, inama. Geuka uangalie mgongo na vibanio vyake. Omba taa kali izimwe au sogea dirishani, maana kuna weupe wa theluji na kuna ule wa maziwa, na ndani ya duka havionekani tofauti ila ukitoka juani tofauti iko wazi. Kama ni satini likunje kidogo kwa ndani mkononi, achia, uone mikunjo inabaki au inaondoka. Kama lina shanga nyingi kaa nalo dakika kumi nzima uone uzito wake mabegani, maana siku yenyewe utakaa nalo kutwa nzima.

Muuzaji hatakukataza haya, na akikukataza basi kuna kitu hataki ukione.

Picha nazo ni suala. Kuna maduka hayaruhusu kupiga picha mpaka ununue, na mengine yanatoa lebo kwenye gauni ili usiweze kulinganisha bei sehemu nyingine. Uliza kabla ya kuweka miadi, sio ukiwa umeshafika. Kama picha hamna, yule mliyekuja naye aandike jina la mtengenezaji, namba ya modeli, aina ya kitambaa, shingo ikoje, mikono ikoje, na bei. Wakikataa kukutajia hata mtengenezaji mi naona hapo shukuru uondoke, utalinganishaje kitu usichokijua jina?

Maneno yao na namna ya kujibu

"Bei hii ni ya leo tu." Ofa za kweli zipo, mtengenezaji akileta toleo jipya dukani kwa siku chache huwa kuna punguzo, na yale magauni ya kujaribia yakizeeka huwa wanayauza kwa bei ya kutupa. Ila ofa ya kweli ilikuwepo kabla hujaingia na ina tarehe imeandikwa mahali. Ofa iliyozaliwa dakika moja baada ya wewe kusema ngoja nikafikirie, hiyo inaweza kuzaliwa tena wiki ijayo. Jibu lake ni "niandikie hiyo bei na mwisho wake lini."

"Kuna bibi harusi mwingine analitaka hili hili." Hebu fikiria kidogo tu. Kama gauni ni la kuagiza, yeye atashonewa lake na wewe lako, hata wakiagiza watu ishirini la kwako halipungui! Neno hilo lina maana kwa gauni moja tu lililobaki, lile linalotundikwa pale na kuuzwa hivyo hivyo lilivyo. Kwa hiyo uliza, hili ni la kuagiza au ndo hili hili?

"Modeli hii wanaacha kuitengeneza." Inaweza kuwa kweli kabisa, watengenezaji hubadilisha matoleo. Muombe tarehe ya mwisho ya oda kwa maandishi, basi.

"Bibi harusi wa kweli anavaa nyeupe." Hii wanaisema ukiulizia gauni la rangi au gauni rahisi. Malkia Victoria wa Uingereza ndo alivaa nyeupe kwenye harusi yake tarehe 10 Februari 1840 na ndo mtindo ukashika kasi, kabla ya hapo huko Ulaya bibi harusi alivaa nguo yake nzuri kuliko zote ya rangi yoyote, na huyo huyo Victoria lesi ya harusi yake aliivaa tena miaka mingi baadaye. Vaa unachotaka.

Kuna pia presha ya mwili na hii inaniudhi kuliko zote. Saizi za magauni ya harusi mara nyingi ni ndogo kuliko za nguo za kawaida, kwa hiyo anayevaa 12 anaweza kuambiwa ni 14 au 16, akashtuka, akajisikia vibaya, na mtu anayejisikia vibaya ni rahisi kumuuzia nguo ya kubana tumbo na kila kitu kingine. Namba hiyo haisemi chochote kuhusu wewe. Omba uoneshwe jedwali la saizi la mtengenezaji, upimwe kifua, kiuno na nyonga mbele yako, saizi ichaguliwe kwa kile kipimo kilicho kikubwa zaidi. Wakikuongezea saizi mbili zaidi ya jedwali "kwa usalama" uliza kwa nini, maana kupunguza gauni ni hela ya fundi wao. Na usikubali kuagiza dogo kwa sababu ati utapungua, kupunguza gauni kunawezekana, kuongeza ni shida kubwa na mara nyingine haiwezekani kabisa. Na akianza kukwambia ukipungua kidogo hapa litakaa vizuri zaidi, mkatize, "Mwili tuuache, tuongelee gauni."

Ila la muhimu kuliko yote hayo ni hili: usitoe sababu. Ukisema bei kubwa, ana mpango wa kulipa kidogo kidogo. Ukisema sina uhakika na mikono, fundi ataibadilisha. Ukisema dada yangu hajaliona, mpigie video sasa hivi. Kila sababu ina jibu lake na amezoea kuyajibu kutwa nzima, wewe ndo mara yako ya kwanza. Kwa hiyo sema sentensi moja isiyo na sababu na uirudie vile vile:

"Nimelipenda, nitakujibu Jumanne."
"Lakini ni nini hasa kinakuzuia?"
"Hakuna kitu, nitakujibu Jumanne."
"Jumanne bei inaweza kuwa imepanda lakini."
"Sawa, nitakujibu Jumanne."

Baada ya hapo nyamaza. Ukimya utakuwa mzito kidogo na utatamani kuujaza kwa kujieleza, usiujaze. Tabasamu, geuka nyuma, omba kufunguliwa kamba. Ukishavaa nguo zako za kawaida utashangaa jinsi akili inavyotulia, na ndo maana mi huwa nasema mazungumzo yoyote ya bei yafanyike ukiwa na nguo zako.

Wanaouza kwa mtandao ni hivyo hivyo, zimebaki mbili, saa inahesabu kurudi nyuma. Funga ukurasa ufungue tena, mara nyingi saa inaanza upya. Na kabla ya kutuma hela omba video ya gauni lenyewe pembeni yake kuna karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo, wengi wenye picha za kuiba hapo wanapotea.

Ukifika kwenye kulipa

Umekaa nyumbani, umelala siku mbili tatu, gauni bado unaliwaza, haya nenda kalipe. Lakini mkataba soma. Maduka mengi huchukua malipo ya awali kama nusu ya bei na hairudishwi, na gauni lililoshonwa kwa oda yako kwa kawaida halirudishwi pia. Hata kwenye nchi za Umoja wa Ulaya ambako ukinunua kwa mtandao una siku 14 za kubadili mawazo, vitu vilivyotengenezwa kwa maelekezo ya mteja havimo kwenye haki hiyo. Ukishasaini umesaini, ndo maana wanakuharakisha usaini.

Kwenye karatasi yaandikwe yote: mtengenezaji, namba ya modeli, rangi kwa jina lake, saizi, vipimo vyako vya siku hiyo, mabadiliko mliyokubaliana (mikono, kina cha shingo, urefu wa mkia), tarehe ya kufika, na itakuwaje likichelewa au likija tofauti. Kitu alichokuahidi kwa mdomo tu hakipo. Uliza kama ni lazima utumie fundi wao, na kama sio lazima usilipie ufundi siku hiyo. Veli, taji, kifurushi cha kusafisha na kuhifadhi gauni baada ya harusi, hivyo vyote kataa siku ya kulipia gauni, sio kwamba ni vibaya, ila pale umeshatoa hela nyingi na kila kinachoongezwa kinaonekana kidogo.

Lipa kwa njia ambayo benki inaweza kukusaidia kuifuatilia, na kama inawezekana usimalize hela yote kabla hujaliona gauni likiwa limefika. Julai 2017 kampuni kubwa ya magauni ya harusi ya Marekani, Alfred Angelo, ilifilisika na kufunga maduka yake ghafla, na mabibi harusi waliokuwa wameshalipia wakakuta milango imefungwa. Kwa hiyo akikwambia lipa yote leo nikupunguzie, pima hilo punguzo na hatari yenyewe.

Kama umeshasaini kwa presha

Usikae kulia wiki nzima, kila saa ina maana. Oda nyingi hazitumwi kwa mtengenezaji dakika ile ile uliyolipa, kwa hiyo piga simu siku hiyo hiyo au asubuhi yake, uliza kwa upole kama oda imeshatumwa, na kama bado omba isitishwe. Omba kuongea na mwenye duka au meneja, sio aliyekuuzia, maana yule kamisheni yake iko humo. Ukikataliwa kurudishiwa hela omba kubadilishiwa gauni lingine la bei ya chini kwa hela ile ile, mara nyingi hapo wanalegea. Na chochote mtakachokubaliana kwenye simu mwandikie ujumbe unaorudia mliyoongea, taja tarehe, taja jina lake, na umwombe ajibu kwamba ndivyo.